Ushauri Nasaha Vyuoni: Neno, Soni na Chumba cha Mnasihi

Utangulizi

Mwanafunzi wa chuo kikuu akiambiwa na mhadhiri wake, "Nenda ukamwone mshauri," aghalabu swali la kwanza linalomjia si "Nitasaidiwaje?" bali ni "Nimekosa nini?" Swali hilo halizuki hivihivi. Lina historia, na historia yenyewe imo katika shule tulizopitia, katika mila za nyumbani tulikotoka, katika sheria za nchi na, kwa kiasi ambacho sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapaswa kukijali zaidi, katika neno lenyewe tulitumialo kuitaja kazi hiyo. Makala haya yanadhamiria kueleza kazi ifanywayo na washauri wa wanafunzi vyuoni, na kuonyesha kwa nini wale wanaoihitaji mno ndio wanaoikimbia.

Mifano mingi itatolewa kutoka Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira. Ayazungukaye masoko ya eneo hilo, hasa soko la Daraja Mbili mjini Kisii, huona mikungu ya ndizi, maparachichi na marobota ya mitumba, na huwaona akina mama ambao mauzo ya siku hiyo ndiyo karo ya mtoto aliye chuoni. Mji huo una chuo kikuu chake. Chuo Kikuu cha Kisii kilianza mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi, kikawa bewa la Chuo Kikuu cha Egerton mwaka 1994, na kikapewa hati ya kujitegemea mwezi Februari 2013. Katika muda usiofika miaka 50, mahali palepale pamegeuka kutoka chuo kidogo cha walimu, ambako mkufunzi angeweza kumjua kila mwanafunzi kwa jina, pakawa chuo kikuu chenye maelfu ya vijana. Mabadiliko ya aina hiyo yametokea kote nchini. Kijana aliyekuwa akiamshwa kwa kengele shuleni hujikuta amepanga chumba chake, anajipikia, anajidhibiti fedha za mkopo, na hakuna amwulizaye kama amelala au hakulala.

Kutoka kiboko hadi ushauri

Ili kulielewa swali "Nimekosa nini?" hatuna budi kurejea shuleni. Ushauri na uelekezaji si jambo geni katika elimu ya Kenya. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilisisitiza umuhimu wake, ingawa wakati huo mkazo ulikuwa zaidi katika kumwelekeza mwanafunzi achague masomo na kazi. Mwaka 2001 ndio uliobadilisha mambo. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi mwaka huo, bweni la shule ya upili ya Kyanguli, Machakos, lilichomwa moto na wanafunzi 67 wakafariki. Jopo lililoongozwa na Wangai, lililochunguza utovu wa nidhamu na machafuko shuleni, lilitoa ripoti yake mwaka huohuo na kusisitiza ushauri nasaha. Ni mwaka huo pia ambapo serikali ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni.

Matokeo yake, kwa maoni ya mwandishi, yalikuwa ya kheri na ya shari kwa pamoja. Kheri ni kwamba kila shule ilitakiwa kuwa na mwalimu wa ushauri. Shari ni kwamba ushauri uliingia shuleni kwa mlango wa nidhamu, ukakikalia kiti kilichoachwa na kiboko. Aliyepatikana na sigara alipelekwa kwa mshauri. Aliyetoroka usiku alipelekwa kwa mshauri. Mara nyingi mshauri mwenyewe alikuwa mwalimu mwenye vipindi vingi vya kufundisha, na alichopata mwanafunzi kwake ni mawaidha marefu yaliyoishia na onyo. Kizazi kizima kimefika chuoni kikiamini kwamba chumba cha mshauri ni chumba cha watuhumiwa.

Neno na mzigo wake

Hapa ndipo tunapolifikia neno. Nchini Kenya tunasema "ushauri nasaha". Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu, na yote mawili, katika matumizi ya kawaida, yanamaanisha kumwambia mtu la kufanya. Nasaha ni shauri jema, tena lenye ladha ya maonyo ya mzee kwa mdogo. Tukiyaunganisha, tunapata ushauri juu ya ushauri. Neno hili lilienea kwa umma mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati vituo vya kupima virusi vya UKIMWI kwa hiari vilipofunguliwa nchini, baada ya ugonjwa huo kutangazwa kuwa janga la kitaifa mwezi Novemba 1999. Mabango ya "ushauri nasaha na kupimwa kwa hiari" yalitundikwa hadi vijijini. Kwa hiyo, juu ya mzigo wa nidhamu, neno likabebeshwa mzigo wa pili: ukionekana ukitoka kwa mshauri, jirani alidhani amejua ulikwenda kupima nini.

Ajabu ni kwamba kazi yenyewe ya mshauri, jinsi inavyofundishwa, si kutoa mashauri. Mwaka 1942 mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, alichapisha kitabu kilichoshikilia kwamba mwenye tatizo ndiye anayelijua tatizo lake kuliko mtu mwingine yeyote, na kwamba kazi ya msaidizi ni kumsikiliza kwa namna itakayomwezesha mwenyewe kuliona. Rogers alikataa kumwita mtu huyo mgonjwa, akamwita mteja. Istilahi hiyo imetufikia. Washauri wetu huwaita wanafunzi wanaowajia "wateja", na neno hilo nalo lina vituko vyake, kwani katika mazungumzo ya vijana wa Kenya mtu akisemwa kuwa "ni mteja" maana yake ni kwamba simu yake haipatikani. Mshauri anasema mteja akimaanisha aliyekuja; vijana wanasema mteja wakimaanisha asiyepatikana. Pengine wote wawili wana ukweli wao.

Nchini Tanzania wataalamu wamelipendelea neno moja, "unasihi", na mtendaji wake ni "mnasihi". Ni fupi na halina historia ya kiboko, ingawa shina ni lilelile la nasaha. Katika makala haya tutalitumia neno hilo kwa ajili ya wepesi. Hata hivyo, kuna jambo ambalo Wakenya hatupaswi kulitupa. Shina la "shauri" katika Kiswahili lina sura mbili. Kuna kushauri, ambako mmoja hunena na mwingine husikiliza, na kuna kushauriana, ambako kiambishi "-an-" huwaweka watu wawili pande zote mbili za jambo. Wazee walipokaa "kufanya shauri" hawakuwa wakipokea mawaidha; walikuwa wakilitazama jambo pamoja mpaka njia ionekane. Kazi ya mnasihi iko karibu zaidi na maana hiyo ya pili. Tungesema "kituo cha kushauriana", huenda swali la "Nimekosa nini?" lingepungua nguvu.

Soni

Tatizo la pili ni la utamaduni, na hapa Gusii inatupa mfano ulio wazi. Wagusii wana mfumo wa heshima uitwao chinsoni. Msomaji wa Kiswahili atalitambua shina lake mara moja: ni soni ileile ya Kiswahili, yaani haya. Kwa mujibu wa chinsoni, kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyatamka mbele ya mzazi wake wala mbele ya yeyote aliye katika kizazi cha mzazi wake, na hasa yanayohusu mwili, mapenzi na uzazi. Baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyekwisha kukua. Huu si ukatili wala kutopendana. Ni namna ya kulinda heshima kati ya vizazi vinavyofuatana.

Wageni wengi husoma mfumo kama huu wakaishia kusema kwamba Waafrika hawazungumzi. Wamesoma nusu. Mfumo uliofunga mlango mmoja uliacha mwingine wazi. Kati ya mjukuu na babu au nyanya hakuna soni ya namna hiyo. Kuna utani, kuna maswali ya wazi, na magokoro, yaani nyanya, angeweza kuulizwa jambo ambalo mama hangeulizwa kamwe. Kwa lugha ya siku hizi, kila boma lilikuwa na mnasihi wake, aliyeketi karibu na moto.

Mwanafunzi aliye chuoni yuko mbali na mlango huo. Magokoro amebaki kijijini, au amekwisha kufa, au hajui nini maana ya kufeli mitihani miwili na kukosa fedha za kuirudia. Waliobaki karibu ni mzazi kwa simu na wahadhiri, na wote hao wako upande wa chinsoni. Ndiyo maana mzazi apigapo simu kutoka sokoni kuuliza hali, jibu ni "Niko salama, Mama," hata kama mtoto hajatoka chumbani kwa siku nne. Wala si uongo wa kumdanganya mama. Ni soni, na pia ni huruma: nani atakayemwambia mama aliyeketi juani tangu alfajiri kwamba karo yake inalipia mtu asiyeweza kuamka kitandani?

Mnasihi mwenye busara hulielewa hili. Hajaribu kuwa mzazi wa pili. Hukikalia kiti cha nyanya. Wazo hili halijabaki nadharia tu. Nchini Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafunza nyanya 14 wa mtaa wa Mbare, mjini Harare, kuwasikiliza watu wenye huzuni kali wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti kuhusu mpango huo ulichapishwa mwaka 2016 katika jarida la chama cha madaktari cha Marekani, ukaonyesha kwamba waliosikilizwa na nyanya hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo umeigwa Malawi na Zanzibar. Nyanya hao hawakutumia istilahi za kitabibu; walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi.

Ni haki kuongeza kwamba mila haina huruma pekee. Mwezi Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, akina mama wazee wanne waliuawa na umati kwa tuhuma za kumroga mwanafunzi wa kidato cha nne. Msiba huo unaonyesha maradhi yasiyo na jina yanavyoweza kutafutiwa mkosaji. Na uchungu zaidi ni kwamba waliouawa walikuwa wa rika lilelile la akina magokoro.

Ndani ya chumba

Je, mwanafunzi akivuka kizingiti, hukutana na nini? Katika vyuo vingi vya Kenya huduma ya unasihi iko chini ya ofisi ya mkuu wa wanafunzi. Mnasihi anatakiwa awe amesomea kazi hiyo na kusajiliwa. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 ndiyo inayosimamia taaluma hii. Kikao kimoja huchukua kati ya dakika 45 na saa nzima. Kwa kawaida huanza kwa kueleza siri na mipaka yake. Yatakayosemwa hayatafika kwa mhadhiri, wala kwa mzazi, wala hayataandikwa katika faili ya masomo. Mipaka ni michache, nayo husemwa waziwazi mapema: pale uhai wa mwanafunzi au wa mtu mwingine unapokuwa hatarini, pale mtoto anapodhulumiwa, na pale mahakama inapoamuru.

Baada ya hapo mnasihi husikiliza, na kusikiliza huko ni kazi kuliko kunavyoonekana. Wanafunzi wengi hawaji na jina la tatizo. Wanakuja na mwili. Kichwa kinauma, tumbo linachoma, usingizi umeruka. Wameshazunguka zahanati wakitibiwa vidonda vya tumbo. (Gusii ina historia yake ya kukishughulikia kichwa. Waganga wa jadi waitwao ababari walijulikana kwa kupasua na kukwangua fuvu la mtu aliyesumbuliwa na maumivu ya kichwa yasiyokwisha baada ya kuumia, na upasuaji huo uliwavutia madaktari wa ng'ambo wakauandikia makala katika karne ya 20.) Wengine husema tu "nina stresi", neno ambalo siku hizi hubeba kila kitu, kuanzia insha iliyochelewa hadi kukata tamaa ya kuishi. Kazi ya kwanza ya mnasihi ni kulifungua neno hilo lililofungwa kama furushi.

Hapa lugha inaweza kusaidia au kukwamisha. Chukua maradhi ya huzuni ya kudumu. Kamusi zitakupa "unyogovu". Tanzania wanasema "sonona". Magazeti ya Kenya huandika "msongo wa mawazo", ambao kwa hakika ni kitu kingine. Mwanafunzi anayemwambia mama yake kwamba ana unyogovu atakuwa amemwambia neno ambalo mama hajawahi kulisikia. Akisema ana "ugonjwa wa akili", mama atasikia wazimu. Hojaji itumiwayo sana kupima hali hii ina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, nayo imetafsiriwa kwa Kiswahili na kutumiwa nchini Kenya. Lakini wanasihi wazuri hawaisomi kama karani asomavyo fomu. Huuliza: Umekula? Kitu gani kilikuwa kikikufurahisha, na kiliacha lini? Asubuhi ukiamka, siku inaonekanaje? Kiswahili kina utajiri wa kujibu maswali hayo. Mtu husema moyo mzito, roho imemruka, dunia imemgeuka, amejikunyata ndani kwa ndani. Mwandishi anaona kwamba kazi ya kuyakusanya maneno hayo, kutoka Lamu hadi Kisii, ni utafiti ambao wanafunzi wa Kiswahili wangeufanya vizuri kuliko madaktari.

Fasihi yetu ilitangulia vituo hivi. Euphrase Kezilahabi alichapisha *Rosa Mistika* mwaka 1971, hadithi ya msichana aliyelelewa kwa kipigo cha baba, akafika chuoni bila kujua la kufanya na uhuru, akaishia kujiua. Katika *Kichwamaji*, iliyotoka mwaka 1974, Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, naye anaishia hukohuko. Wahakiki wametumia wino mwingi kuihusisha *Kichwamaji* na falsafa ya udhanaishi, na hawakukosea. Lakini ukizisoma riwaya hizo mbili ukiwa na swali la unasihi akilini, utaona jambo la kawaida mno: jinsi ilivyo adimu kwa wahusika hao kumpata mtu wa kuwasikiliza bila kuwahukumu.

Swali gumu na sheria

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Kwa miongo mingi, mwanafunzi wa Kenya aliyemwambia mtu kwamba alijaribu kujitoa uhai alikuwa, kisheria, anakiri kosa. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kilifanya jaribio la kujiua kuwa jinai, yenye kifungo kisichozidi miaka 2. Aliyeokolewa angeweza kutoka hospitalini akiwa na pingu. Jopo la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 hali ya maradhi ya akili nchini itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilirekebishwa mwaka 2022, lakini kifungu cha 226 kiliendelea kuwapo. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kesi ilikuwa imewasilishwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu nchini Kenya pamoja na wengine, wakiwemo wataalamu wa magonjwa ya akili.

Uamuzi huo umebadilisha chumba cha mnasihi kwa namna ambayo wanafunzi wengi hawajaijua bado. Swali lililokuwa likizungukwa kwa tahadhari sasa linaweza kuulizwa na kujibiwa bila kivuli cha polisi. Nalo huulizwa waziwazi. Wapo wanaodhani kwamba kulitaja jambo hilo kutampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Uzoefu wa wataalamu na utafiti wao unaonyesha kwamba sivyo, na kwamba aliye na wazo hilo hupata ahueni anapogundua kuwa linaweza kutamkwa. Kwa hiyo mnasihi hatafuti tafsida. Hasemi "mambo mabaya" wala "kitu kibaya". Husema: "Je, umefikiria kujiua?"

Jibu likiwa ndiyo, mnasihi hapigi kelele, wala hamwambii ajikaze. Huuliza lini, na kama amejiandaa kwa namna yoyote. Huuliza ni nani anayeishi karibu naye. Wawili hao hukubaliana mtu wa kuitwa, na mara nyingi mwanafunzi huchagua rafiki wa chumba cha pili, au shangazi, au nyanya, badala ya baba. Vifaa vya hatari huondolewa chumbani. Hatari ikiwa ya karibu, mwanafunzi hasindikizwi kwa barua tu. Mtu huandamana naye hadi hospitalini, ambapo kwa aliye Kisii ni hospitali ya rufaa iliyopo mjini humo tangu mwaka 1916, na huketi naye kwenye foleni mpaka jina lake liitwe. Kesho yake simu hupigwa. Asipokuja kwenye kikao kijacho, mnasihi, au mmoja wa wanafunzi waliofunzwa kuwa wanasihi rika, huenda kubisha mlangoni kwake.